Chumvi ya Mlima wa Pelkey

"Fungu la chumvi limekwisha," Verna Pelkey alimwambia mumewe, akamrudishia oda yake ya manunuzi bila sahihi.

Rosaire aliweka uma chini. Yeye alikuwa msimamizi wa barabara za mji wao mdogo huko Vermont, na Verna ndiye mweka hazina.

"Mvua ya barafu inaingia leo jioni, mama. Ghalani, chumvi ya kumwaga barabarani iyeyushe barafu imebaki vumbi tu. Na kwenye fungu la daraja pesa zimelala tu, zinakoroma!"

"Ziache zikorome. Watu waliinua mikono kwenye mkutano wa mji zijenge daraja, si kununua chumvi."

"Hata mumeo humwonei huruma?"

"Mume wangu namwonea. Idara ya barabara, hapana."

Rosaire akaondoka, chapati yake ya pili imebaki inaelea kwenye shira ya mti wa maple. Moyo ulimuuma Verna. Lakini alijua kwamba mji ukizoea kula daraja ili kulipia chumvi, siku moja utafika mtoni na hakuna pa kuvukia. Akashika simu, akawabembeleza wajumbe watatu wa baraza mpaka wakakubali kikao cha dharura mchana uleule.

Rosaire alisimama mbele yao, kofia mkononi, akaeleza shida yake.

"Kwani haya hamkuweza kuyamaliza kitandani?" aliuliza mwenyekiti, mzee Harlan Stoddard.

"Na huyu?" Rosaire alijibu. "Huyu hata blanketi huligawa kwa mafungu!"

Ukumbi ukaangua kicheko, Verna akicheka kuliko wote. Wajumbe wakapiga kura kuhamisha dola elfu nne kutoka fungu la dharura, ambalo wananchi walilitenga kwa mambo kama hayo. Verna akatia sahihi palepale, akamkabidhi Rosaire oda yake na kumfinya kidole.

Barafu ilianguka kweli. Jioni gari la Verna lilifika chini ya mlima wao likagoma, magurudumu yakiteleza. Njia yao ilimwagiwa chumvi mwisho kila mwaka. Rosaire hakutaka watu waseme anajipendelea. Verna akaanza kupanda kwa miguu, ameshika uzio wa jirani, akimtukana mumewe kimoyomoyo. Taa za lori la chumvi la Rosaire zikammulika.

"Mama Hazina, zamu ya mlima huu haijafika!"

"Fungua mlango, mpumbavu we!"

Rosaire akaondoa glavu zake kitini. Verna akapanda, akajibanza ubavuni pake, wakaenda kumalizia kwanza barabara za wenzao.