Zamu za Fisi

Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, nami nilikuwa nawapanga fisi juu ya meza. Vizibo vya soda ndio fisi. Kifungo chekundu cha koti ndiye Chuma, shujaa wa mama mkwe wangu, na kila nilipokisogeza karibu na vile vizibo, nilikirudisha nyuma tena.

Asiyeujua mchezo wetu angenicheka. Tulifundishwa na mwalimu wa darasa la jioni. Mmoja anakuwa kiongozi, anasimulia msitu, mto na hatari. Wengine kila mtu ana shujaa wake na anasema atafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza. Mwalimu alipohamishwa, uongozi akanikabidhi mimi, pamoja na masharti yake. Dadu inarushwa ndani ya kifuniko cha sufuria, wazi, macho ya wote yakiona. Na shujaa akifa, amekufa; karatasi yake inachanwa. "Bila hivyo," alisema, "mtakuwa mnapiga porojo tu."

Lakini mimi sikuwa naogopa fisi. Nilikuwa naogopa mlango wa chumba cha mama mkwe. Tangu baba mkwe alipofariki, mlango ule ulikuwa haufunguki ila kwa chakula, na chakula chenyewe kilirudi kama kilivyokwenda. Mpaka siku moja wifi yangu alipomvuta mezani kwa utani, akampa karatasi na kalamu. Mama akaandika: Chuma. Mwanamke mrefu. Ana mkuki. Haogopi mbwa. Basi tangu hapo kila Jumamosi anaoga mapema, anajipaka mafuta, anakaa kitini hata hatujamwita. Sasa Chuma akifia mikononi mwangu, na mlango ukafungwa tena, nani ataufungua?

Kwa hiyo pambano langu la kwanza nililipanga kama mtu anayempimia mtoto dawa. Jitu kubwa nililikataa. Pigo lake moja lingemmaliza mtu. Nikachagua fisi, dhaifu, ukimgusa kwa mkuki anaanguka. Nikajumlisha nguvu zao zote, hazikufikia za mashujaa watatu. Nikapumua. Halafu nikaongeza wawili, isije ikawa rahisi mno wakanicheka. Wakawa wanane.

Wifi alifika kutoka saluni, kitana bado kimechomekwa kichwani. Nyuma yake akaingia jirani yetu, fundi redio, anayekohoa kwanza ndipo abishe hodi.

"Wifi, leo unatuua au unatubembeleza?"

"Atubembeleze wapi," fundi akadakia, "shemeji mwenyewe anavuja jasho utadhani yeye ndiye anayeliwa."

Mama mkwe akagonga meza kwa kidole. "Mwacheni mwanangu. Haya, kiongozi, tuko wapi?"

"Mko ndani ya pango," nikasema. "Mlango ni mwembamba, mmeingia mmoja mmoja. Kuna giza. Mnasikia pumzi."

"Pumzi za nani?"

"Za wengi."

Walianza kwa kelele na vicheko. Chuma akaangusha fisi mmoja, fundi akaangusha mwingine, wifi akakosa, akailaani dadu na ukoo wake wote. Kisha ikaja zamu ya fisi.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nguvu nilizihesabu. Zamu sikuzihesabu. Wao walipiga mara tatu. Fisi sita waliobaki, kila mmoja alikuwa na haki yake ya kuuma. Mnyama dhaifu mwenye zamu si dhaifu tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilikuwa kinajaa damu. Nilirusha dadu, nikarusha tena, nikarusha tena, na kila ilipolia ndani ya kifuniko, mtu alipungukiwa uhai. Shujaa wa fundi akaumwa mguu. Wifi akaacha mizaha. Mama akafuta namba kwenye karatasi yake, akaandika ndogo zaidi, akaifuta na hiyo.

"Turudini nyuma," wifi akasema.

Nikaitazama ramani yangu. Mlango mmoja, mwembamba. Niliuchora hivyo kwa kuwa ulitisha vizuri. "Anapita mmoja mmoja," nikasema polepole. "Na wa mwisho… wa mwisho fisi watamfuata."

Mtoto akajinyoosha mgongoni. Mkono wangu ukaenda kwenye kifuniko wenyewe. Ningeweza kukipindua na kusema mtoto kanisukuma. Nani angejua?

"Usikiguse," mama mkwe akasema, bila ukali. "Kiache wazi."

Nikaurudisha mkono.

"Nyie wawili tokeni," akawaambia. "Chuma anasimama mlangoni."

"Mama, acha mchezo bwana!"

"Si ndio ninaoucheza?"

Mashujaa wao wakatoka pangoni. Chuma akabaki na mkuki wake, akaua fisi mmoja, akaua wa pili. Nilikuwa naomba kimoyomoyo. Nikarusha kwa ajili ya fisi aliyefuata. Dadu ikazunguka, ikaegemea ukingo wa kifuniko, ikalala. Hakuna aliyehitaji kusomewa.

Mama akachukua karatasi yake. Akaichana mwenyewe katikati, taratibu, akavilaza vipande viwili pamoja. Akainuka. Tukasikia kandambili zake mpaka chumbani, kisha mlango ukafungwa.

"Wifi," wifi yangu akaninong'oneza, "umefanya nini?"

Fundi akakitazama kifuniko kana kwamba ni redio isiyotengenezeka. Mimi nilikuwa namtikisa mtoto ambaye hata hakuwa analia. Nilisikiliza. Kisha droo ikavutwa, ikakwama, ikavutwa tena.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amevaa miwani, macho mekundu, na mkononi ana kopo lake la vifungo.

"Yule baba yenu alipokuwa anakata roho, walinitoa nje ya chumba," akasema, akikaa. "Walipokuja kuniita, kila kitu kimekwisha. Huyu Chuma angalau nimesimama naye." Akapangusa pua kwa kiganja. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, fisi wanane kwa watu watatu? Tulikukosea nini?"

Wifi akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio. Fundi akakohoa.

"Nisamehe, mama. Nilijumlisha vibaya."

"Basi jumlisha tena. Na pango lijalo liwe na milango miwili." Akamwaga vifungo mezani, akawa anavichambua kwa kidole, cheusi, cha mbao, cha bluu chenye ufa. Hicho cha ufa akakiinua kwenye mwanga. "Huyu atakuwa na mbio. Haya, nipe karatasi."

Nikaikata kwenye daftari. Haikukatika sawa; nikampa hivyo hivyo.