Kiungo cha Tatu

Marehemu mume wangu, Mursal, alikuwa fundi bati hapa Garissa, na ukitaka kumkasirisha, mtajie riveti, zile pini za kubania bati. Alisema riveti ni kazi ya mtu anayewahi chakula. Yeye alikunja mdomo wa bati hili, akakunja wa lile, akaifumbatisha kama vidole vya wachumba, kisha akagonga kwa nyundo ya mbao mpaka ikashikana. Miaka arobaini iliyopita, alipotengeneza bomba la kupitishia hewa upande wa wanawake msikitini kwetu, nilikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja, kazi yangu kumshikia bati.

Juzi kamati ikamleta Silas, fundi wa kutoka Meru, aling'oe bomba hilo aweke la plastiki. Akaniambia kwa adabu kwamba bati la zamani halikosi kuvuja. Nikamwambia likivuja hata mahali pamoja, aling'oe na mimi nimshikie ngazi. Mdomo wangu huu.

Nikaleta dabqaad, chetezo changu cha udongo, nikatia uunsi, ule ubani wetu wa sukari, tukaiweka penye kinywa cha bomba, Silas akawasha feni. Wanawake waliongojea adhuhuri wakainua pua. Moshi ukapita kiungo cha kwanza bila kuchungulia nje. Cha pili vilevile. Kwenye cha tatu ukachomoza, mwembamba kama uzi.

Silas akapanda. Mimi nilishajua. Kile nilikikunja mwenyewe, Mursal alipokwenda kutawadha, nikakigeuza mdomo kinyume, ukaelekea upepo. Nilimficha miaka thelathini na minane, mpaka nikamzika.

"Ayeyo," Silas akasema kutoka juu, akiniita bibi kwa Kisomali, "si ulisema mzee hakutaka riveti?"

"Aliziona kama nguruwe."

"Basi hapa ziko saba. Zimepakwa rangi zisionekane."

Nikakaa kwenye mkeka. Saba. Na angezipata wapi, kama si kwa Olow, jirani fundi wa riveti ambaye Mursal alimcheka kila siku? Kumbe alijua, akaenda kumwomba yule, kuliko kukunjua kazi yangu.

Silas akakiri kwamba viungo vingine ni vizima, ataiambia kamati bomba libaki, ila hiki atakikata akikunje upya. Nikamkataza. Nikamwambia apake gundi tu.

"Gundi si kazi safi, Ayeyo."

"Najua. Paka."

Akapaka, akauliza ni nani aliyekikunja kinyume vile. Nikamwambia ni mume wangu. Alishanibebea hilo miaka yote. Siku moja zaidi haitamchosha.