Wakitulia, Hakuna Kuinuka

Kriketi ya siku tano ni mchezo wa wavivu, na mimi ni mvivu wa kutupwa, sioni haya kusema. Mwaka mzima nachomelea vyuma kiwandani. Likizo ikifika sitaki kingine ila kochi la kaka yangu, pazia limefungwa nusu, chai mkononi, na kwenye televisheni wanaume wa nguo nyeupe wanaosugua mpira kwenye suruali kama watu wasio na pa kwenda. Unasinzia, unaamka, na hujakosa kitu.

Nyumba ya kaka ilikuwa na sheria moja. Wapigaji wetu wawili wakishatulia uwanjani, hakuna kuinuka ulipokaa, hata kwenda chooni. Ukiinuka, mmoja anatolewa, na lawama ni zako. Niliwahi kununiwa siku nne kwa kwenda kufungua mlango.

Asubuhi ile kaka aliamka analalamika kwamba mkono wa kushoto ni mzito. Mkewe, nesi wa hospitali ya mtaa wa pili, alimsihi waongozane. Akakataa, mechi ilikuwa inaanza.

"Shemeji, nakuachia mtu wangu," aliniambia mlangoni. "Mkono ukimzidi, usimsikilize. Mlete mbio. Moyo hauna subira."

"Ondoa shaka, shemeji."

Wapigaji wetu wakatulia mapema, raha ikaanza. Mrushaji anakimbia, mpira unaguswa kwa upole, mkimbio mmoja unaongezwa kwenye ubao wa alama, makofi machache, kimya. Katika kimya hicho nikasikia jinsi kaka anavyohema. Nikageuza shingo tu. Alikuwa anaukanda mkono, na shati limemganda kifuani kwa jasho ilhali feni inazunguka.

"Kaka, twende."

"Wametulia, mdogo wangu, usinitie mkosi. Akitolewa mmoja tu, naondoka kwa miguu yangu."

Nikakaa. Sitamsingizia yeye peke yake: nilikuwa nimenogewa, na kochi lilikuwa limenikubali.

Mapumziko ya chakula yakaja yakapita, nasi pale pale, maana kwa kaka mapumziko hayakuvunja sheria. Midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Hapo hofu ikaniingia sawasawa, na kwa mara ya kwanza maishani nikawaombea watu wetu watolewe. Kila mpira uliopigwa juu niliusindikiza kwa dua, maana ukidakwa kabla ya kugusa chini aliyeupiga anatolewa: dakeni, jamani, dakeni! Haukudakwa hata mmoja. Hawakuwahi kucheza vizuri kama siku ile, washenzi wale.

Kaka akaacha kuukanda mkono. Ndipo nilipoinuka. Hakunifokea.

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata teksi. Hospitalini shemeji alimpokea yeye mwenyewe, wakaingia naye nyuma ya pazia, yeye na daktari. Alipotoka alikuwa anavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Mkono ulimzidi wakati gani?"

Sikuwa nimetazama saa hata mara moja. Nilikuwa na kipimo kimoja tu kichwani, kikanitoka kabla sijakizuia.

"Tulikuwa na mikimbio arobaini."

"Na mlipoondoka?"

"Mia na tisini."

Shemeji alikuwa ameishi na kriketi miaka ishirini na miwili, hakuhitaji kufafanuliwa. Midomo ilimcheza akipiga hesabu.

"Masaa matatu," alisema. "Na kutoka nyumbani mpaka hapa ni dakika kumi."

Halafu akarudi nyuma ya pazia kumfumba macho mume wake.