Ndege wa Mlango wa Kulia

Kabati la Bi Mkubwa lilikuwa na milango miwili, na kila mlango ulikuwa na ndege wake. Ndege hao hawakuchorwa wala hawakubandikwa. Walikatwa ndani ya ubao mwembamba, ubao ukatobolewa majani, matawi na manyoya, hata ukiutazama ungedhani ni lesi iliyopigwa pasi. Wa kushoto alimtazama wa kulia, wa kulia akamtazama wa kushoto, na nyuma yao vikombe vya wageni vilionekana kama vinachungulia.

Aliyewakata ni marehemu mume wa Bi Mkubwa, karani wa posta, mtu ambaye kazini aligonga mihuri na nyumbani alikata mbao kwa kujifurahisha. Hakuwahi kuuza hata kijiko. Vitu vingine alivyokata viligawiwa, vikavunjika, vikapotea; wakabaki ndege wawili. Kila asubuhi, akishamaliza kusali, Bi Mkubwa aliwapangusa kwa kitambaa laini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka amalize.

Basi mkaza mwana wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mshonaji, alimvunja yule wa kulia.

Ilikuwa Alhamisi. Bi Mkubwa alikuwa amekwenda kwa binti yake aliyejifungua, na angerudi Jumamosi ya wiki ya pili. Mshonaji alikuwa akitafuta bobini iliyodondoka na kubingirikia chini ya kabati. Akalisukuma kabati kwa bega, mlango ukafunguka wenyewe, ukajigonga kwenye ncha ya meza ya cherehani. Haukutoa kishindo. Ulisikika kama biskuti inayomegwa. Alipoinama, ndege alikuwa sakafuni vipande vipande, na unga wa mbao umemwagika kama chumvi.

Mshonaji alikaa chini pale pale. Miaka kumi na minne ameishi na mama mkwe huyu bila kurushiana neno baya, na watu walikuwa wakiwatolea mfano. Leo amemvunjia kitu ambacho hata pesa za nchi nzima haziwezi kukirudisha.

Seremala wa mtaa wa pili aliitwa, akaja, akavishika vipande kwa vidole viwili.

"Mama, gundi hushikanisha kitu na kitu," alisema. "Hapa hakuna kitu. Wadudu wamekula zamani, ndege alikuwa amesimama kwa heshima tu."

"Huwezi kunikatia mwingine?"

"Mimi nakata milango na vitanda. Hii ni kazi ya mtu mwenye subira na asiye na wateja." Akacheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Nitakachoweza ni kukupigia randa ubao wa unene huu huu. Ninacho kipande kimoja chekundu, kigumu, kikavu. Ukikiharibu usinirudie, maana miti ya namna ile siku hizi ni hadithi."

Jioni mumewe, Dereva, alirudi na kuusikia msiba.

"Mwambie ni panya," alisema huku akivua viatu.

"Panya gani anakula ndege wa mbao?"

"Wa mbao ndio rahisi. Hawaruki."

"Baba watoto, mimi sitamdanganya mama yako. Nitamwambia kwa mdomo wangu, tukiwa tumetazamana. Lakini sitaki kumwambia mikono mitupu."

Dereva akajikuna kichwa. "Basi mashine ya mzee ya kukatia mbao iko stoo. Nani ataikanyaga, mimi sijui."

Mashine ilikuwa chini ya magunia, imefungwa kwa shuka kuukuu. Mshonaji alipoifunua aliifahamu bila kuwahi kutambulishwa. Ilikuwa na kikanyagio kama cha cherehani yake, gurudumu, na mkanda wa ngozi. Juu palikuwa na meza ndogo ya chuma yenye tundu katikati, na mkono wa mbao uliopinda kupita juu ya meza. Tofauti ni kwamba mahali pa sindano pangefungwa bledi, msumeno mwembamba kama uzi wenye meno, ulioshikwa juu na chini. Bledi zenyewe zilikuwa ndani ya kopo la dawa ya viatu, zimepakwa mafuta, zimehesabiwa na kuandikwa kwenye karatasi kwa mwandiko wa posta: kumi na mbili.

Alifunga ya kwanza, akatia mafuta, akakanyaga. Kipande cha plaiwudi alichokuwa ameshika kiliruka kikampiga kidevuni. Akajaribu tena, kikaruka tena, mithili ya mbuzi anayekataa kamba. Akasimama, akaitazama bledi kwa jicho la fundi. Meno yalikuwa yametazama juu, yakawa yanaubeba ubao badala ya kuukata. "Na sindano nayo ukiigeuza haishoni," alijiambia, akaigeuza, meno yakatazama chini. Ubao ukatulia mezani.

Bledi ya pili ilikatika kwa sababu aliusukuma ubao kwa haraka. Ya tatu vile vile. Ya nne alikuwa hajaikaza vya kutosha, ikawa inapinda na kukata mshazari. Siku ya tatu ndipo alipojua kuikaza hata ukiigusa kwa ukucha inalia kama uzi wa zeze, na ndipo alipojua kwamba ubao hausukumwi. Ubao unasindikizwa. Wewe unakanyaga, msumeno unapanda na kushuka mahali pake, na mikono inauzungusha ubao kama inavyozungusha kitambaa penye shingo ya gauni. Kwenye kona kali huendi mbele. Unaendelea kukanyaga huku ubao ukizunguka pale pale, kama unavyoacha sindano chini na kugeuza kola. Dereva alikuja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni akasahau kunywa.

"Nyumba hii sasa ina cherehani mbili," alisema. "Moja inakula vitambaa, nyingine inakula mbao."

"Usiseme nami. Niko kwenye kona."

Kosa jingine alilifanya kwenye plaiwudi, na alimshukuru Mungu kwamba lilikuwa plaiwudi. Alianza kwa kukata umbo la nje, ndege akatoka mzima na mzuri, lakini alipotaka kutoboa manyoya hakuwa na pa kushika. Vidole vikawa karibu na meno kuliko inavyofaa, na ndege akavunjika mbawa na shingo. Kumbe kazi hii huanzia ndani. Unatoboa tundu dogo kwa keekee, unafungua bledi juu, unaipenyeza kwenye tundu, unaifunga, unakata kipande kile kimoja, unaifungua tena, unahamia tundu jingine. Matundu yalikuwa arobaini na matatu. Yale ya sehemu dhaifu, kama shingo ya ndege na ncha za majani, yanaachwa mpaka mwisho.

Jumanne aliweka karatasi juu ya mlango wa kushoto, akanakili ndege mzima kwa penseli, kila tawi na kila unyoya, na ncha za majani akazichongoa, akidhani ni uzee uliozibutua. Akaibandika karatasi kwenye ubao wa Seremala kwa gundi ya unga, akapitisha selotepu juu yake, maana aligundua kuwa ikiwekwa selotepu ubao hauungui kwa joto la msumeno. Kisha akasema "kwa jina la Mungu", akakanyaga.

Wateja walipobisha waliambiwa magauni yatakuwa tayari wiki ijayo. Kutwa nzima ya Jumatano na Alhamisi nyumba ilisikia mlio mmoja tu, kama wa nyenze anayesali. Vipande vidogo vilidondoka chini kama mbegu. Alipofika kwenye shingo alishusha pumzi, akaacha kumeza mate, akaupeleka ubao taratibu kama anayemvusha mtoto barabara. Shingo ikapita.

Ijumaa mchana akabandua karatasi, akapiga msasa upande wa mbele, akapaka mafuta ya kung'arisha mara mbili. Ule wekundu ukaamka. Hakuna aliyewahi kumfundisha Mshonaji kazi hii, na ndege yule alikuwa na kifua kama kinachohema. Akampeleka kwenye kabati, akampachika kwenye fremu ya mlango wa kulia, akarudi nyuma hatua tatu amtazame.

Ndege wa kushoto alimtazama wa kulia. Na wa kulia naye alitazama huko huko kulia, ukutani.

Mshonaji hakulia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, akitazama. Alinakili wa kushoto, akakata wa kushoto. Ubao umekwisha, na Seremala alikwishasema lake.

Dereva alikuja, akatazama, akainamisha kichwa upande.

"Wamegombana?" aliuliza.

"Baba watoto, leo sitaki."

"Mwenzake anamwongelesha, yeye kampa kisogo."

"Nimesema sitaki."

Dereva akaona machozi yanakuja, akaenda kumenya viazi, kazi ambayo hakuifanya tangu waoane.

Jumamosi Bi Mkubwa alishuka kwenye gari la mwanawe na mizigo mitatu na habari za mjukuu. Mshonaji alimpokea mzigo, akamkaribisha, na kabla maji hayajawekwa motoni akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mama, nimemvunja ndege wako wa kulia. Nilisukuma kabati. Nimejaribu kukukatia mwingine kwa mashine ya baba, na nimekosea. Niwie radhi."

Bi Mkubwa alivua ushungi polepole, akaukunja mara nne. Dereva aliyekuwa mlangoni akaanza kusema, "Mama, kwa kweli yeye—"

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa kazini."

"Basi nenda kaoshe gari."

Bi Mkubwa akainuka, akaenda kwenye kabati. Alimtazama ndege mpya kwa muda ambao Mshonaji aliuhisi magotini. Kisha akamchomoa kwenye fremu, akampeleka dirishani, akapitisha kidole gumba ndani ya matundu, moja moja, kama anayehesabu shanga.

"Ulianzia ndani?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Bledi ngapi zimekatika?"

"Tisa."

"Mzee kwa ndege wake wa kwanza zilimkatikia ishirini na moja, akamlaumu aliyemuuzia." Kidole kikaendelea. "Na shingo uliiacha mwisho. Nani alikwambia?"

"Ya plaiwudi ilivunjika, mama."

Bi Mkubwa akaguna. Akamrudisha kwenye fremu, akasimama kando, na hapo mabega yake yakaanza kutikisika. Mshonaji alidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la chini chini la mtu mzima asiyetaka kusikika.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeshonea mtaa mzima mashati? Umenikatia mikono miwili ya kushoto."

"Nimeona, mama. Na ubao umekwisha."

"Umekwisha wa nini? Mgeuze."

"Nimgeuze?"

"Mgeuze, nyuma iwe mbele. Ndege wa kutobolewa ana pande mbili."

Mshonaji alimchomoa ndege, akamgeuza mikononi. Tangu akiwa msichana amefundishwa kwamba kitambaa kina uso na kina nyuma, na fundi anayemtoa mteja na nyuma ya kitambaa nje hafai kuitwa fundi. Upande wa nyuma wa ubao ulikuwa na nyuzinyuzi mahali meno yalipotokea, haukuwa na mafuta wala msasa, na kwake upande huo ulikuwa mishono ya ndani. Haikumjia akilini hata mara moja kwamba unaweza kuvaliwa.

"Ndivyo alivyofanya yeye," Bi Mkubwa alisema. "Alizilaza mbao mbili pamoja, akazipiga misumari midogo pembeni, akakata mara moja tu. Wakatoka pacha. Kisha akamgeuza mmoja. Huyo uliyemvunja ndiye aliyegeuzwa. Matundu yake yalikuwa na nyuzi, kila siku zilikamata kitambaa changu. Nilimwambia azipige msasa, akasema kesho. Amekufa na kesho yake."

Walikaa chini wote wawili, ubao kati yao. Bi Mkubwa alikata msasa vipande vyembamba kama riboni, akamwonyesha jinsi ya kupenyeza kipande kwenye tundu na kukivuta huku na huku bila kulazimisha. Matundu arobaini na matatu. Mkubwa akachukua majani, mdogo akachukua manyoya. Habari za mjukuu zikasimuliwa pale pale: ana nywele nyingi, analia kwa hasira, amefanana na upande wa baba lakini wasiambiwe. Chai ilikuja imeletwa na Dereva, ikapoa.

Kwenye ncha ya jani moja Bi Mkubwa akasimama. Akalisogeza karibu na macho.

"Kona hii umeizungusha pale pale?"

"Ndiyo. Kama kola."

"Yeye kona hizi zilimshinda. Nenda kaangalie kwenye mlango ule, majani yake yote yana ncha butu. Alizipita kwa mbali kama dereva anayekwepa shimo." Akapitisha kidole tena kwenye ncha kali. "Alikuwa fundi, Mungu amrehemu. Lakini hii hakuiweza."

Alasiri ndege alipakwa mafuta upande wake mpya, akapachikwa. Sasa walitazamana, mmoja mweusi kwa uzee, mwingine mwekundu kama aliyetoka kuoga. Mshonaji alimtazama mama mkwe, akingoja.

Bi Mkubwa aliuendea mlango wa kushoto. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, juu, katikati, chini. Kutoka kwenye tundu la chini ukadondoka unga mweupe kidogo, ukatua juu ya sahani za wageni. Akautazama unga ule bila kuupangusa.

"Mwite Seremala," alisema. "Mwambie ni mimi ninayetaka ubao, si wewe, aache hadithi zake. Na bledi zimebaki tatu, hazitoshi, tutaagiza." Akaufungua mlango wa kushoto, akaukandamiza ule ubao wa nakshi kwa kiganja mpaka ukachomoka kwenye fremu, akauweka mikononi mwa Mshonaji, ndege mzima wa marehemu, mwepesi kama kapi. "Mnakili kabla wadudu hawajammaliza. Na ncha za majani umwachie butu hivyo hivyo, kama alivyozikata yeye."

Mshonaji aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza chali juu ya meza ya cherehani, akaenda kutafuta karatasi.