Mikono Iliyoganda kwenye Simu ya Shemeji

Shemeji yetu tunamwita Injinia, na hajawahi kuinjinia hata kitasa cha mlango. Kamuoa dada yetu mkubwa, basi anadhani kaoa na akili zetu sote.

Siku hiyo dada yangu wa pili, ambaye ni kiziwi, alikuwa na usaili wa kazi kwa video. Shule ya watoto viziwi ilitaka mwalimu wa ushonaji, na mwalimu mkuu mwenyewe ni kiziwi, kwa hiyo wangeongea kwa lugha ya alama. Dakika kumi tu, wengine wako kwenye foleni. Dada kaisubiri nafasi hiyo miaka sita. Nyumba ikajaa: mama, shangazi, na majirani wawili waliokuja kuazima pasi wakasahau kuondoka.

Injinia akaleta simu yake mpya. "Leo shemeji ataonekana mpaka vinyweleo!" Akapandisha ubora wa picha mpaka mwisho.

"Shemeji, huyu anaongea kwa mikono, si kwa vinyweleo," nikamwambia.

"Tulia wewe. Haya ni ya kitaalamu."

Wakaunganishwa. Kweli, dada aling'aa, hata uzi wa kola ungeuhesabu. Lakini video ni picha nyingi zinazofuatana, na simu lazima iikunje kila moja iwe ndogo ndipo iitume, na picha nzito huitoa jasho. Hiyo ya Injinia ikawa inakunja moja, inatupa tano. Mkono wa dada uko kifuani, mara uko begani, katikati hamna kitu. Ni kama kumsikiliza mtu anayemeza kila neno la pili.

Mwalimu mkuu akakunja uso. "Sikuelewi, rudia," akasema kwa mikono. Dada akarudia. "Rudia." Dakika ya nne. Ya sita. Simu ikawa ya moto, haishikiki.

"Mtandao wao mbovu," Injinia akatamka. "Picha yetu si mnaiona ilivyo safi?"

"Safi kama picha ya marehemu, baba," shangazi akamjibu. "Haitikisiki."

Dada akamwona mwalimu mkuu anatupia jicho saa ya ukutani. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akanyoosha mkono, akateremsha ubora mpaka chini kabisa, jambo ambalo viziwi wanaopigiana kila siku wanalijua kuliko mainjinia wa sebuleni. Sura yake ikawa mabaka matupu. Mikono ikatiririka.

"Mwanafunzi kajichoma sindano, darasa zima limeacha kazi linamtazama. Utafanyaje?" mwalimu mkuu akauliza.

Dada alijibu kwa dakika tatu mfululizo, akaigiza mtoto, akaigiza na sindano, mpaka mwalimu mkuu akacheka mabega yakatikisika.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi. Njoo na vyeti."

Mama akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Injinia akafuta kioo cha simu kwa shati. "Mngeniachia picha yangu, wangempa hata umakamu."

Dada akaona midomo yake inacheza. Akaniuliza kwa mikono, "Anasema nini?"

"Hamna kitu," nikamjibu.