Mgomo wa Paka wa Katekista

Kibao changu kipo Mikumi, kando ya barabara kuu, na kinasema hivi: MAMA ASHRAFU, TUNATUNZA PAKA, SUNGURA NA NDEGE. MBWA SAMAHANI. Wapita njia wengi wanalicheka hilo neno la mwisho, lakini mimi ni mtu wa swala tano, na mate ya mbwa yakinigusa nguo ni kufua na kutawadha upya. Sasa nitafua mpaka lini?

Kazi yenyewe ilinifuata. Hifadhini hawaruhusu mtu aingie na mnyama wake wa nyumbani, na kuna watu hawalijui hilo mpaka wafike getini na paka kwenye kapu. Wa kwanza alikuwa binti mmoja kutoka Dar, alilia pale barabarani kana kwamba simba ameshamla huyo paka. Nikamwambia, mwanangu, niachie mimi, wewe nenda kawaone tembo wako. Basi watu wakaambizana. Nikamwita fundi akanigongea vizimba, nikasafisha chumba cha nyuma ambacho marehemu mume wangu alikuwa akirundika baiskeli mbovu, Mungu amrehemu, na biashara ikaanza kutembea. Ikatembea mpaka ikawafikia wasiohusika. Mzee Telele, mfugaji, aliniletea ndama.

"Mama, si wanasema unatunza wanyama wanaopendwa? Huyu nampenda sana."

"Mzee, huyo unayempenda ameshakula pazia langu."

"Ndiyo maana nampenda," akasema. "Anajitegemea."

Sasa siku moja akaja Emanueli, meneja wa loji moja kule karibu na geti. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa hata wakati wa vumbi. Akaniamkia shikamoo vizuri, akakaa, akasema wageni wao wanafika na wanyama na wao hawana pa kuwaweka.

"Nataka wote tuwe tunakuletea wewe, mama. Wewe peke yako. Ila tajiri wangu anasema nimuulize kwanza mteja wako mmoja anayeaminika."

Kazi ya namna hiyo ndiyo nilikuwa naiomba kwenye kila sijida. Nikamjibu bila kufikiri:

"Muulize Mwalimu Lukasi, katekista wa Kilosa. Huyo hasemi uongo hata umbane kidole na mlango."

Nilimtaja kwa sababu paka wake ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwangu. Mwalimu Lukasi na mkewe, Mama Lea, walikuwa wamepita Mikumi wakienda Iringa kumwoza binti yao, wakaniachia Simeoni. Simeoni ni paka wa rangi ya manjano, mnene, mwenye mashavu kama mwenyekiti wa ushirika. Hawakuthubutu kumwacha Kilosa, maana safari iliyopita alimaliza vifaranga wote wa jirani, na jirani mpaka leo akipita mbele ya nyumba yao anatazama upande wa pili.

Alipokuja kwangu hakuwa na adabu hata ya kuazima. Ukishika sahani ameshakupanda mkononi. Lakini kwangu hali mtu bila Bismillahi, na wanyama nao hivyo hivyo. Nainua sahani juu, nasubiri akae chini, natamka Bismillahi kwa sauti, ndipo naiweka. Akirukaruka, sahani inarudi juu. Alinifokea kwa lugha yake, akanichana kanga, akajitupa sakafuni kama aliyefiwa. Mimi nimelea watoto wanne, hanitishi mtu kwa kujitupa sakafuni. Mwishowe akaelewa. Akawa anakaa wima, mikono pamoja, anasubiri kama mgeni wa maulidi anayenusa pilau. Wenyewe walipopita kumchukua niliona fahari, nikamkabidhi.

Emanueli alipoondoka tu, simu ikaita. Mama Lea.

"Mama Ashrafu, umemfanya nini Simeoni?"

"Kwani ana nini?"

"Hali! Tangu tufike hali! Nimempa dagaa, anatazama. Nimempa maini, anatazama. Hatazami chakula, anatutazama sisi! Usoni! Mwalimu amekosa usingizi, anasema paka anamhukumu."

Paka akifa, Emanueli akipiga simu Kilosa atajibiwa nini? Nikaagana na kazi ya loji hata kabla haijaanza. Nikamwambia Mama Lea nakuja kesho.

Jirani yangu Magdalena alikuwa amesimama penye ua anasikiliza, maana Magdalena hasikilizi kwa kujificha. Ni mtu wa Vidunda, wa milimani huko, Mkatoliki, anakaanga maandazi na anacheka kwa sauti inayovuka barabara.

"Nami naja," akasema.

"Kufanya nini?"

"Wakikufokea huko nani atalia? Wewe hujui kulia. Wewe unatazamaga tu."

Tulifika Kilosa mchana wa Jumamosi tukakuta viatu vimejaa mlangoni. Nikajua ni msiba, nikaanza, "Inna lillahi," Magdalena akanifinya. Kumbe ni jumuiya, wale Wakristo wa mtaani wanaosali nyumba kwa nyumba, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Mwalimu Lukasi. Wamekaa kwenye mikeka kuzunguka ukuta. Katikati yuko Simeoni, amekaa wima, mikono pamoja, na mbele yake sahani ya dagaa, sahani ya maini, kipande cha sato na yai la kuchemsha limemenywa. Hajagusa. Anamtazama huyu, anamhamia yule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Ashrafu," akajibu Mwalimu Lukasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kutazamwa. "Karibuni. Tumeshamwombea."

"Mmemwombea paka?"

"Haikuwa kwenye ratiba," akasema mama mmoja mnene, Generoza, mwenyekiti wa jumuiya. "Lakini tungefanyaje? Tunasoma somo, yeye anatukodolea macho. Mimi amenitazama mpaka nikakumbuka madhambi ya mwaka jana."

Mama Lea akanipa sahani ya dagaa mikononi. "Jaribu wewe. Labda amekuzoea."

Wallahi sikuwaza chochote. Mkono ukishika sahani, mdomo unajua kazi yake. Nikainua juu, nikasema kwa sauti ile ile ya nyumbani, "Bismillahi Rahmani Rahim," nikaiweka chini.

Simeoni alikula kama mashine ya kukoboa. Alimaliza dagaa, akahamia maini, akapitia sato, yai akalimeza karibu zima.

Ni kutafuna tu kunasikika. Kisha Generoza akasema, polepole, kama anayesoma tangazo la kifo:

"Paka wa katekista amesilimu."

Hapo jumuiya ilivunjika. Mtu mmoja alitoka nje kabisa kwenda kucheka. Magdalena alianguka kwenye mkeka wa watu asiowajua. Mama Lea alijifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Waliobaki bila kucheka ni wawili tu, Mwalimu Lukasi na mimi.

"Mama Ashrafu," akasema Mwalimu, "umemsilimisha paka wangu."

"Mwalimu, sikumsilimisha, nilimlisha. Kwangu ndivyo tunavyoanza kula. Sikujua kama anashika."

"Ameshika. Ameshika kuliko wanafunzi wangu wa kipaimara." Akajipangusa jasho. "Mimi sina ugomvi na dua yako, ni dua njema. Lakini fikiria. Padri anakuja kula hapa Jumamosi ijayo. Paka atakaa mbele yake hivi, amtazame padri usoni, akisubiri Bismillahi. Niseme nini?"

Kabla sijajibu, simu yake ikaita. Ni zile simu ndogo zenye sauti kubwa, mpigaji anasikika mpaka jikoni.

"Shikamoo Mwalimu! Naitwa Emanueli, napiga kutoka Mikumi. Nataka kukuuliza kuhusu Mama Ashrafu anayetunza wanyama. Paka wako alimtunza vizuri?"

Watu wote wakanigeukia. Hata Simeoni. Nikaanza kusoma kimoyomoyo kila ninachokijua.

Mwalimu Lukasi aliihamishia simu sikio la pili. Niliona kabisa anavyohangaika, maana uongo hawezi na ukweli haujakaa vizuri.

"Alimtunza," akasema. "Lakini kuna jambo linarekebishwa. Nipigie Jumamosi ijayo, nitakupa jibu kamili."

"Sawa Mwalimu. Na mbwa? Tajiri ameniuliza kuhusu mbwa, kibao chake kinasema mbwa samahani."

"Mbwa ni mimi!" akapiga kelele Magdalena kutoka kwenye mkeka.

"Nani huyo?"

"Magdalena! Mimi sina neno na mbwa, kwetu Vidunda tunalala nao! Uani kwangu kuna nafasi, wanyama wa Mama Ashrafu huku, mbwa huku, andika hivyo!"

"Mwalimu, uko sehemu gani?" akauliza Emanueli.

"Nipo kwenye sala," akasema Mwalimu Lukasi, akakata.

Basi tukarudi Mikumi na Simeoni ndani ya kapu, na kibarua changu kimening'inia kwenye mkia wake. Mpango ulikuwa huu: Magdalena amlishe kwa sala yao ya Kikristo, kama anayosali Mwalimu nyumbani kwake, mpaka aizoee. Mimi ninyamaze.

Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Magdalena alishika sahani, akafanya ishara ya msalaba, "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, Amina," akaiweka. Simeoni akanigeukia mimi.

"Usimtazame," akasema Magdalena.

"Simtazami, yeye ndiye ananitazama."

"Midomo yako inacheza!"

"Nasema moyoni! Siwezi kuona chakula kinawekwa nikakaa kama gogo!"

"Moyo wako una midomo? Toka nje!"

Nikawa natolewa nje ya nyumba yangu mwenyewe kila wakati wa chakula, nasimama nyuma ya mlango na kanga mdomoni. Simeoni akaja akanusa chini ya mlango. Magdalena akamrudisha. Akasema sala upya, kwa sauti kubwa zaidi, kama paka ni kiziwi. Akaimba. Akampigia makofi. Sungura wa mteja mmoja kutoka Rudewa akaacha kula kwa hofu, nikaona sasa mgomo unaenea.

"Huyu ni mkaidi kama babu yangu," akasema Magdalena.

"Usirushe mikono. Kaa. Inua sahani. Subiri akae, kisha sema mara moja tu. Si lazima asikie mpaka Morogoro."

Akainua. Akasubiri, na Magdalena kusubiri ni kazi, uso ulimvimba. Akasema sala yake kwa utaratibu. Nyuma ya mlango nilisikia kimya, halafu nikasikia kutafuna. Nilisujudu hapo hapo.

Kabla ya wiki kwisha alikuwa anakula kwa Magdalena bila kunitafuta. Jumamosi tukampeleka.

Padri alikuwa ameshafika, ameketi mezani, jumuiya nayo imejaa, maana Generoza alikuwa ametangaza mtaa mzima. Chakula kimepakuliwa, wali, kuku na mboga. Sahani ya Simeoni nayo imewekwa mkononi mwa Mwalimu Lukasi. Emanueli alisema atapiga mchana, na mchana ulikuwa huo. Mimi nikakaa pembeni kabisa, nikaziba mdomo kwa mkono wangu wote.

"Tusali," akasema Mwalimu. Akafanya ishara ya msalaba. "Kwa jina la Baba..."

Simeoni akakaa wima, mikono pamoja. Mashallah, nikasema tumboni.

Lakini tulikuwa tumesahau jambo moja. Magdalena sala yake ni fupi. Mwalimu Lukasi si mtu wa kufupisha. Alimshukuru Mungu kwa chakula, akapita kwa waliolima mpunga, akawaombea wagonjwa kwa majina, akaenda Magole kwa waliokumbwa na mafuriko, akapanda mpaka Iringa kwa binti yake na mume wake, akaanza kurudi polepole kupitia kila parokia. Mvuke ukaisha kwenye wali. Simeoni akamtazama. Mkia ukaanza kupiga sakafu. Akatoa sauti ndogo. Mwalimu akafumba macho zaidi. Simeoni akatoa sauti ya pili, ndefu, ya uchungu, ambayo kusema kweli kila mtu mle ndani alikuwa anataka kuitoa.

"...na pia tuwakumbuke wasafiri wote wa reli..."

"Amina!" akasema Generoza kwa nguvu.

"Amina!" jumuiya nzima ikaitikia kama mvua ya mawe. Padri naye, nilimwona kwa macho yangu, akasema Amina na mkono tayari uko kwenye kijiko.

Mwalimu Lukasi alifumbua macho, akatutazama, akamtazama paka. Akainama, akaweka sahani. Simeoni akala. Wote wakala. Nikaondoa mkono mdomoni, nikasema Bismillahi yangu kwa sauti ya kawaida, nikachukua paja la kuku.

Simu ikaita. Mwalimu akaipokea akiwa amesimama, watu wanatafuna.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, jibu ninalo. Wapelekee wanyama wako. Paka wangu aliondoka hapa mwizi wa vifaranga, amerudi anangoja sala iishe ndipo anakula."

Akawapitishia macho wote waliokuwa mezani, mmoja mmoja, akaishia kwa Generoza.

"Ndiyo, mpaka iishe," akasema kwenye simu. "Ni yeye peke yake humu ndani."