Pumzi Chini ya Turubai

Mwoka mikate hakuwa mtu wa maigizo. Alikwenda kwa sababu mdogo wake, Kijiti, alimbembeleza mno: "Dada, njoo tu. Usitafute hadithi, hamna. Wewe tazama."

Kweli hadithi haikuwapo. Katika gereji kuukuu isiyo na jukwaa wala viti, watazamaji walisimama ukutani, na kundi la waigizaji waliovaa kijivu likatembea, likaanguka, likainuka, bila neno. Mmoja akikohoa, wote wanakohoa. Mmoja akicheka, kicheko kinawaenea kama upele.

"Watu wazima hawa, mchana kweupe!" alijisemea. Lakini mwili ulimsisimka. Hata Kijiti, naye akiwa mmoja wa waigizaji, alimpita macho makavu, kama hakunyonya naye ziwa moja.

Kisha wote wakajifunika turubai moja jeusi. Kimya. Halafu akausikia mluzi mwembamba wa kifua kilichobana. Pumu ile aliijua. Alilala nayo kitanda kimoja utoto mzima.

Kabla hajasogea, mwingine akauiga mluzi. Na mwingine. Punde turubai zima likawa linahema, mluzi wa kweli ukazama kati ya ile ya bandia.

"Kijiti!" alipiga kelele.

"Kijiti!" sauti zote zikamrudishia. Watazamaji wakatabasamu, wakidhani naye yumo.

Akapiga magoti, akaingia gizani akipapasa vichwa na mabega. Kila mkono aliougusa ulimkamata.

"Niachieni! Anakufa!"

"Anakufa," walinong'ona. "Anakufa, anakufa."

Akauuma mkono uliokuwa karibu, kwa nguvu zake zote. Mwenye mkono akapiga yowe lisilo la mchezo, na hapo wote wakanyamaza. Ukabaki mluzi mmoja, dhaifu, pembeni kabisa.

Alimvuta mdogo wake hadi kwenye mwanga. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Dawa yake! Ile ya kuvuta! Iko kwenye mkoba!"

Yule aliyeng'atwa mkono ndiye aliyekimbia kuileta.

"Vuta, mdogo wangu. Vuta tena."

Watazamaji walikuwa wanapiga makofi. Kiongozi wa kundi akainua mikono, uso umempauka: "Basi, jamani! Basi!"

Ilichukua muda Kijiti kuweza kusema. "Nilisikia ukiniita, dada. Kila upande. Sikujua ni yupi wewe."

Mwoka mikate alimkumbatia mbele ya watu wale wote, akisikiliza kifua chake kikipanda na kushuka, asithubutu kumwachia.